Hakuna Atakayeiba Wazo Lako la Gemu

Mwezi uliopita kijana mmoja wa Mbagala alinitumia ujumbe saa tano usiku. "Kaka, nina wazo la gemu, ni kali, ila siwezi kukuambia mpaka tuandikishane." Nikamuuliza amefikia wapi. Hajaanza. Anatafuta mtu wa kuprogramu, mchoraji na mfadhili. Yeye mchango wake ni wazo.

Nilicheka, kisha nikaona haya, maana kijana huyo nilikuwa mimi miaka sita nyuma. Mimi ni mtunza stoo wa duka la vifaa vya ujenzi hapa Tanga. Kompyuta sikuisomea, na kampuni ya magemu sijawahi hata kupita mlangoni kwake. Wazo langu wakati huo lilikuwa pana kama bahari: mchezaji awe nahodha wa mtepe (chombo cha kale cha mbao zilizoshonwa kwa kamba; nilishajifunza hadi tofauti yake na jahazi), apite Kilwa, Mombasa na Lamu, afanye biashara, akimbizane na Wareno, aoe, ajenge nyumba ya mawe. Nilijaza madaftari mawili. Mabaharia kumi na wanne walikuwa na majina na tabia zao. Kwenye skrini hapakuwa na hata nukta moja inayotembea.

Na nilikuwa na raha, hilo sifichi. Gemu iliyo daftarini haikwami, haichoshi, wala hakuna anayeizima baada ya dakika mbili. Nilidhani naificha isiibiwe, kumbe nilikuwa najificha mimi nisiulizwe maswali. Mwizi gani angechukua kazi ile? Angelazimika kuitengeneza.

Siku niliyoamua kuanza kweli, nilijiuliza ni mchezo gani naujua kwa mikono, siyo kwa kusimuliwa. Jibu lilikuwa moja tu. Bao. Nimecheza bao tangu nikiwa na miaka tisa, kwenye vibaraza vya Ngamiani, nikifukuzwa na kurudi.

Mashimo 32 na kete 64 zilionekana kwenye skrini ndani ya wikiendi moja. Kila shimo lilikuwa mraba wa kijivu wenye namba, sura mbaya kuliko unavyofikiria. Nikajipongeza kwa chipsi mayai. Halafu ikaja miezi ya sheria.

Kujua bao ni jambo moja, kulieleza kwa mashine ambayo haijawahi kukaa barazani ni jingine. Katika kunamua, yaani hatua ya mwanzo ya kuingiza kete ubaoni, kila mchezaji anaanza na kete 22 mkononi na kumi ubaoni, sita kati yake zikiwa kwenye nyumba, lile shimo kuu la kila upande. Hapo bado rahisi. Lakini nyumba inasafiri lini, yaani kete zake zichotwe na kusambazwa? Lini mchezaji analazimika kula, lini anatakasa, yaani anacheza bila kula? Mkono wangu ulijua yote hayo, mdomo haukuweza kuyasema. Nikarudi barazani na daftari, safari hii la maswali. Wazee wawili wakanipa majibu mawili kuhusu nyumba, na ugomvi ukaendelea hadi adhana ya Magharibi. Nikafuata kauli ya yule anayeshinda mara nyingi.

Kuna jioni kete zilianza kuzunguka zikakataa kulala. Simu ikapata moto. Nilitafuta kosa siku nne, nikafuta, nikaandika upya, zikazunguka tena. Baadaye ndipo nikagundua kwamba watafiti wameshaonyesha jambo hilo kwa hesabu: katika bao la Kiswahili ipo mipangilio ya kete ambayo mzunguko wake hauna mwisho. Kosa halikuwa langu peke yangu! Nikaweka kikomo cha mizunguko, nikalala usingizi mzuri kidogo.

Lakini somo kubwa nilipewa na mzee mmoja nisiyemtaja hapa, kwa kuwa hapendi mambo ya mitandao. Nilimkabidhi simu. Akagusa shimo, kete zikaruka na kutua zote kwa wakati mmoja, namba zikabadilika. Akaigeuza simu, akaitazama mgongoni kama anayetafuta kitu kilichoanguka.

"Mbona halisemi?"

"Nini hakisemi, babu?"

"Bao, mwanangu. Mimi mwenzangu akicheza nasikia. Kete ikidondoka penye nyingi ina sauti yake, ikidondoka penye shimo tupu ina sauti yake. Huyu wako ananificha."

Nilikaa kimya. Nilikuwa nimeifanya iwe ya haraka nikidhani haraka ndiyo ubora. Usiku ule nilifunika ubao na simu kwa kanga ili kelele za bodaboda zisiingie, nikarekodi kete moja ikidondoka kwenye shimo tupu, kisha juu ya kete mbili, kisha juu ya lundo. Nikapunguza mwendo mpaka jicho liweze kufuata mkono. Gemu ikabadilika kabisa, na hakuna mchoro hata mmoja uliobadilika.

Ndiyo maana nikisikia mtu anasema "sina uzoefu wa magemu" namuuliza ana uzoefu wa nini. Mtaalamu wa Tokyo au Montreal angenizidi mimi kwa kila kitu, kasoro sauti ile. Hata yeye angehitaji kuja kukaa kibarazani.

Vifaa havinipi maneno mengi. Godot ni injini ya gemu ya bure, yaani programu ya kutengenezea magemu, haina mkataba wa kukudai chochote ukianza kuuza, na faili lake la kupakua ni dogo kuliko filamu moja, kwa hiyo bando halitakuua. Kwenye maduka ya mtandaoni, kujisajili Google Play (la simu za Android) ni dola 25 mara moja, Steam (la magemu ya kompyuta) ni dola 100 kwa kila gemu, na itch.io unaweka bila kulipa. Akaunti mpya ya mtu binafsi pale Google Play hudaiwa kwanza watu kumi na wawili waijaribu gemu kwa siku 14 mfululizo. Kwangu hilo lilinilazimisha nimpelekee hata shemeji yangu, ambaye hajui bao, na ni yeye aliyenionyesha kwamba mgeni haelewi aguse wapi.

Tusidanganyane pia. Watu hupenda kumtaja Eric Barone, Mmarekani aliyetengeneza gemu ya Stardew Valley peke yake, michoro, muziki na maandishi, kwa takriban miaka minne na nusu mpaka ikatoka Februari 2016. Hakuwa amefanya kazi kwenye kampuni ya magemu. Ni kweli. Wanachoruka ni kwamba alikuwa na shahada ya sayansi ya kompyuta, alikuwa akifanya kazi ya muda kwenye ukumbi wa maonyesho Seattle, na mwenzi wake alisaidia kubeba gharama za nyumba. Wewe nani anakubebea?

Karibu na kwetu yupo Lual Mayen, mkimbizi wa Sudan Kusini aliyekulia kambini kaskazini mwa Uganda. Mama yake alidunduliza miaka mitatu hadi akamnunulia kompyuta, naye akawa anatembea mwendo wa saa tatu kwenda kuichaji. Akatengeneza Salaam, gemu ya amani na ukimbizi. Namheshimu sana, ila sipendi hadithi yake inavyotumika kuwasuta vijana wenye umeme. Mimi ninachokiona kwake ni kwamba hakwenda mbali kutafuta la kusema. Alitengeneza alichokijua.

Bao langu lina watumiaji wachache, na bado nalala stoo siku za hesabu ya mwisho wa mwezi. Mpinzani wa kompyuta ndani ya gemu, kwa kauli ya mzee yuleyule, anacheza kama mtoto aliyetumwa sukari akasahau chenji. Madaftari ya mtepe yapo juu ya kabati.

Yule kijana wa Mbagala hatimaye aliniambia wazo lake bila kuandikishana. Ni gemu ya daladala. Yeye ni wa nne kuniletea. Jiji zima la Dar es Salaam, magari mia, trafiki, mvua, ukoo wa dereva. Nikamwomba aache magari kwanza, aache na jiji. Abaki na konda tu, mlangoni, mkono mmoja umeshika bomba na mwingine umeshika noti. Kuna aliyetoa elfu kumi asubuhi, kuna anayejifanya amelala, kuna anayeapa kwamba ameshalipa, na kituo kinachofuata ni sekunde ishirini. Aanze na chenji.

Jana kanitumia video ya mraba wa njano unaodai nauli.