Kuku wa Bukini

Bukini, kama wazee wa pwani walivyokiita kisiwa cha Madagaska, kuna chakula kinaitwa akoho sy voanio. Ukiwekewa mezani hutauliza ni nini: ni kuku wa tui la nazi, analiwa kwa wali. Mimi nilikila mara ya kwanza kwa mwanafunzi mwenzangu aliyetoka Mahajanga. Aliponitajia jina lake nilimwomba alirudie, kwa sababu katika Kimalagasi herufi o hutamkwa u, na akoho mdomoni mwake ilikuwa "akuhu".

"Kuku?" nikamwuliza.

"Akuhu," akanijibu, akininyooshea kidole kwenye sahani.

Tangu siku ile neno hilo halijaniacha, maana kwa haki lisingetakiwa kuwa pale.

Kimalagasi si lugha ya Kibantu. Ni ya ukoo wa Kiaustronesia, ukoo wenye lugha zipatazo 1,200, ulioanzia Taiwani yapata miaka 5,000 iliyopita na kusambaa kwa vyombo vyenye mirengu, kama ngalawa zetu, hadi Hawaii, Nyuzilandi na kisiwa cha Rapa Nui, ambacho leo ni sehemu ya Chile. Ndugu yake wa karibu kabisa ni Kimaanyan, kinachosemwa kando ya Mto Barito, kusini-mashariki mwa Borneo. Hilo lilionyeshwa na Mnorwei Otto Christian Dahl mwaka 1951. Basi mtu aliyevuka Bahari ya Hindi kutoka Borneo, kuku wake angepaswa kuitwa vipi?

Manuk. Au kitu cha kufanana na hilo. Batak wa Sumatra humwita kuku manuk. Ufilipino, kuanzia Manila hadi Cebu, ni manok. Wachamorro wa Guam wanasema mannok. Ukifika Java, manuk si kuku tena bali ni ndege yeyote, na ukizama zaidi katika Pasifiki, k ya mwisho inadondoka: kwa Wahawaii na Wamaori ndege ni manu, na Samoa neno hilohilo limepanuka hadi kumhusu mnyama kwa jumla. Maana imeteleza, umbo limechakaa kidogo, lakini mzizi ni uleule katika maelfu ya kilomita za maji.

Napenda neno hili kuliko hata kuku wetu, na nitasema kwa nini. Sisi nasi tuna ukoo wa aina hiyo: Mnyarwanda ana inkoko, Msukuma ngoko, Mchewa nkhuku, Mzulu inkukhu. Ni jamaa moja bila shaka. Ila mbishi anaweza kukuambia kwamba kuku amejiita mwenyewe, kwamba kila aliyesikia sauti ya ndege huyu angeweza kubuni jina la kukaribiana. Kwa manuk mbishi huyo hana pa kushika. Hakuna jogoo anayewika "manuk". Watu wa Guam na wa Sumatra wakisema neno moja ambalo halimwigi ndege, maelezo ya karibu zaidi ni kwamba wamelirithi kwa mhenga mmoja.

Aliyeweka misingi thabiti ya hoja za namna hii katika lugha hizo, kwa kulinganisha sauti moja moja kwa utaratibu, ni daktari Mjerumani Otto Dempwolff, katika kazi iliyotoka kati ya 1934 na 1938. Inafaa tujue kwamba kabla ya hapo alikuwa daktari wa jeshi huku kwetu, enzi za ukoloni wa Wajerumani, na mwaka 1916 alichapisha kitabu kuhusu Wasandawe wa Dodoma. Sikio lililosikiliza vidoko vya Kisandawe ndilo lililokuja kupanga sauti za visiwa vya Pasifiki.

Kuna kisa kingine cha kuku huko kinachonigusa. Katika visiwa vya Polinesia kuku ana jina lake, moa. Wahenga wa Wamaori walipofika Nyuzilandi yapata mwaka 1300, kuku hawakustawi huko. Neno likabaki mdomoni bila mwenye nalo. Wakakuta ndege wakubwa wasioruka, wengine wakimzidi mtu urefu mara mbili wakinyoosha shingo, na jina moa likahamia kwao. Ndani ya muda mfupi, pengine karne moja na nusu tu, ndege wale waliwindwa hadi wakaisha. Leo neno ambalo Tahiti linaita kuku uani, Nyuzilandi linaita mifupa ya makumbusho.

Sasa rudi Bukini. Wamalagasi walihifadhi mengi ya kwao. Tatu ni telo, tano ni dimy, sawa na telu na lima za huko mashariki. Mbu ni moka, ndugu wa nyamuk ya Kimalei. Ndege ni vorona, ndugu wa burung. Kasa wa baharini ni fano, naye ni yuleyule penyu wa Wamalei na honu wa Wahawaii. Lakini ingia zizini na bandani. Ng'ombe ni omby, na kumbuka o ni u, kwa hiyo unasikia "umbi". Mbuzi ni osy. Kanga ni akanga. Mbwa, ambaye Java ni asu na Manila ni aso, sehemu nyingi za Madagaska ni amboa. Na kuku ni akoho. Yule mbishi wangu akisema hili la kuku limetokea kwa bahati, kwa sababu ya sauti ya ndege, amweleze basi na huyu kanga, na huyu ng'ombe.

Mwaka 2017 watafiti walichapisha uchunguzi wa vinasaba vya kuku wa Madagaska, wakaona wana nasaba moja na kuku wa Afrika Mashariki, si wa Asia ya Kusini-Mashariki. Ndege mwenyewe alivuka kutoka upande wetu, na jina lake likavuka naye.

Ndiyo maana nasema jambo hili si la wataalamu peke yao. Tangu shuleni tumefundishwa Kiswahili kama lugha inayopokea. Kitabu na sita kutoka Kiarabu, meza kutoka Kireno, shule kutoka Kijerumani, na orodha inaendelea hadi mtoto anaamini kwamba lugha yake ni kapu la vitu vya watu. Sina ugomvi na orodha hiyo, ni ya kweli. Ninacholalamikia ni kwamba orodha ya vilivyotoka hatukuonyeshwa kamwe. Simaanishi kwamba akoho ni Kiswahili hiki nikiandikacho. Maneno haya yalivuka zamani, kutoka kwa Wabantu wa pwani na wa Visiwa vya Komoro, jamaa za hao waliotuachia lugha hii. Lakini ni watu wa huku. Walikuwa na mifugo, walijua kuitunza, na waliokuja kutoka Borneo walijifunza kwao hadi wakaacha jina ambalo wahenga wao walikuwa nalo. Mtoto hujifunza jina la kuku kwa yule anayemrushia punje asubuhi. Naamini katika nyua nyingi za kwanza za Bukini aliyerusha punje alikuwa mama aliyetoka upande wetu.

Natamani mwalimu wa Kiswahili kidato cha kwanza aandike ubaoni omby, osy, amboa, akoho, akanga, asitafsiri, awaachie wanafunzi wasome kwa sauti.

Siku ile mezani tuliendelea. Nilimwuliza voanio ni nini. Voa ni tunda, akasema, na nio ndiyo nazi. Baadaye nikajua kwamba Msamoa na Mhawaii nao huiita nazi niu, na Mmalei tunda ni buah. Jina la sahani moja, nusu limetoka Borneo, nusu limetoka huku. Naye mwenzangu, alipomaliza kunieleza nazi, aliweka kijiko chini akaniuliza yule ndege mwenye madoa meupe, wa porini, sisi tunamwitaje.

"Kanga," nikamwambia.

"Akanga," akasema, akavuta kiti karibu.