Wema wake ulitokana na kujua kanuni

Maneno "alikuwa mtu wa watu" yalisemwa juu ya mwenzetu mara mbili: siku tulipomuaga alipostaafu utumishi wa umma, na tena msibani. Sitalitaja jina lake, kwa sababu hata alipokuwa hai hakupenda kutajwa. Maneno hayo yalikuwa ya kweli, lakini naona hayakumtendea haki, kwani yaliusifu ukarimu wake kana kwamba ulikuwa tabia ya kuzaliwa tu, ilhali sisi tuliokaa naye ofisi moja tunajua kwamba sehemu kubwa ya wema ule ilitokana na elimu aliyoitafuta kwa bidii.

Nieleze kwa mfano wa wajane, maana hao ndio waliomfuata zaidi. Mjane anayefuatilia mafao ya marehemu mumewe aliyekuwa mtumishi wa serikali huambiwa alete cheti cha kifo, muhtasari wa kikao cha ukoo na barua ya usimamizi wa mirathi kutoka mahakamani; kisha hugundulika kwamba jina lililo kwenye cheti cha ndoa halilingani na lililo kwenye barua ya ajira, na hapo safari za kwenda na kurudi huanza. Wengine walimwambia aje kesho. Mwenzetu alimkalisha, akachukua karatasi, akamwandikia kwa mpangilio aanzie wapi, aende Mahakama ya Mwanzo na nini, na hati ya kiapo kuhusu tofauti ya majina itengenezwe lini ili isicheleweshe mengine. Halafu aliteremka mwenyewe masijala, yaani chumba cha kutunzia majalada, kulitafuta jalada binafsi la marehemu, akatoa nakala za barua ya ajira ya kwanza, ya kuthibitishwa kazini na ya cheo cha mwisho, kwa sababu aliamini kwamba karatasi iliyoandikwa na serikali yenyewe raia hapaswi kutumwa kuitafuta. Sheria ya mwaka 2018 ilipoiunganisha mifuko ya pensheni ya PSPF, LAPF, GEPF na PPF kuwa mfuko mmoja wa watumishi wa umma, PSSSF, na watu wengi wakawa hawajui waende mlango upi, yeye alikwisha kuisoma sheria yenyewe kabla waraka wa maelezo haujafika mezani.

Nimekaa katika ofisi za umma muda wa kutosha kuamini kwamba "njoo kesho" nyingi hazitokani na roho mbaya. Hutoka kwa mtumishi asiyeijua kanuni, anayeona haya kuuliza, na anayeogopa kwamba akiamua jambo atakuja kuulizwa na mkaguzi. Anayejua mipaka ya mamlaka yake haogopi, na asiyeogopa ana nafasi ya kuwa mpole. Ndiyo maana sikubaliani na wanaodhani kwamba huduma itaboreka kwa kuwahimiza watumishi watabasamu.

Elimu yake haikuishia kwenye Sheria ya Utumishi wa Umma, Sura ya 298, wala kwenye Kanuni za Kudumu za Utumishi wa Umma za mwaka 2009, ingawa hizo alizijua kiasi cha kututajia kifungu bila kufungua kitabu. (Nakala yake ya Kanuni, niseme ukweli, ndiyo kitu pekee alichokuwa mchoyo nacho, hakuna aliyewahi kuiazima ikatoka nje ya chumba chake.) Alianza kazi akiwa mwalimu wa shule ya msingi, na mapenzi ya historia hayakumtoka. Alipopata nafasi alikwenda Nyaraka za Taifa, Upanga jijini Dar es Salaam, ambako yamehifadhiwa majalada ya utawala wa Wajerumani, na akirudi alitukumbusha kwamba Kiswahili kilitumika katika shughuli za utawala, kupitia maakida na majumbe, watawala wa ngazi ya chini wa wakati huo, miongo mingi kabla ya serikali kuagiza mwaka 1967 kwamba kitumike katika shughuli zake zote. Kwake Kiswahili cha barua za ofisini kilikuwa na ukoo mrefu, hivyo hakuvumilia barua ambayo mwananchi angeisoma mara tatu asielewe kama amekubaliwa au amekataliwa.

Madokezo yake, yaani maelezo aliyomwandikia kiongozi ndani ya jalada ili aamue jambo, ndiyo ninayoyakumbuka kuliko yote. Alieleza jambo lilivyo, akataja kifungu kinachohusika, akaonyesha njia zilizopo na athari za kila moja, kisha akapendekeza moja waziwazi, na kiongozi akibaki na kazi ya kukubali au kukataa tu. Kosa la kijana wa chini yake hakuliandika kwenye jalada kama lingeweza kurekebishwa kwa mazungumzo, maana alijua kwamba folio, yaani karatasi yenye namba ndani ya jalada, ikishaingia hukaa humo na kumfuata mtu hadi siku ya kupandishwa cheo. Alimwita pembeni, akafunga mlango.

Alipofikia miaka 60 na kuondoka, taarifa ya makabidhiano iliorodhesha funguo, samani na majalada yaliyokuwa mezani. Hayo yote yalipokelewa na kusainiwa. Siku hizi mfumo wa ofisi mtandao unaonyesha jambo limelala kwa nani na kwa muda gani, na hilo ni jema, lakini haumfundishi afisa mpya namna ya kulipima jambo lenyewe. Tunazungumza sana juu ya mpango wa urithishanaji wa madaraka, na kwa maoni yangu tumeuelewa kama orodha ya nani atakalia kiti cha nani. Ningependa mwaka wa mwisho wa mtumishi wa aina hii utumike kukaa na maafisa vijana, jambo moja baada ya jingine, badala ya kumwacha amalizie likizo zake huku tukichangishana fedha za zawadi.

Aliacha kaunta buku kadhaa alimoandika, kwa mwandiko wake wa kialimu, hatua za mambo yaliyowahi kumsumbua: mirathi, likizo bila malipo, uhamisho wa kumfuata mwenza, malimbikizo ya mishahara. Ziko nyumbani kwa wanawe. Ofisi iwaombe kwa heshima nakala za kurasa hizo, na iwaombe mwaka huu.