Kisanduku cha kujitengenezea kinafaa kukatia video, si kurekebishia rangi

Vijana wanaohariri video za harusi na za kwaya hapa Mwanza wamekuwa wakiniuliza kama inafaa kujitengenezea kisanduku cha vitufe badala ya kuagiza paneli ya kiwandani, yaani kifaa cha mezani chenye vidhibiti vya kuhariria video. Jibu langu ni kwamba kwa kazi ya kukata na kupanga picha, tengeneza bila wasiwasi. Lakini kwa kazi ya kurekebisha rangi, usijidanganye kwamba ulichokitengeneza ni paneli.

Nianze na kukata, kwa kuwa huko hoja ni nyepesi. Harusi iliyorekodiwa na kamera mbili tangu kanisani hadi ukumbini huzaa saa nyingi za picha, na kazi ya mhariri juu ya saa hizo ni amri chache zinazojirudia: cheza, simama, rudi, weka mwanzo, weka mwisho, kata, futa. Amri zote hizo zina njia za mkato za kibodi katika programu za kuhariri video za DaVinci Resolve na Premiere Pro, kwa hiyo kifaa chochote kinachoweza kujitambulisha kwa kompyuta kama kibodi kinaweza kuzituma. Ubao mdogo wenye chipu ya ATmega32U4, kama vile Arduino Leonardo au Pro Micro, hufanya hivyo kupitia waya wa USB bila kudai programu nyingine yoyote kwenye kompyuta.

Sehemu inayostahili kufikiriwa vizuri ni kitufe cha kuzungusha. Wengi hushawishika kung'oa kile cha sauti kutoka kwenye redio mbovu, lakini hicho kina mwanzo na mwisho, na kikifika mwisho hakizunguki tena ilhali video bado inaendelea. Kinachohitajika ni enkoda, ambayo huzunguka bila kikomo na kuiambia chipu mambo mawili tu, kwamba imezungushwa na kwamba imeelekea upande gani. Enkoda za bei nafuu aghalabu huwa na vituo 20 kwa mzunguko mmoja. Ukiipangia isogeze fremu moja kwa kila kituo, basi kwa video ya fremu 25 kwa sekunde utahitaji mzunguko mmoja na robo ili kuipita sekunde moja, jambo linalofaa sana unapotafuta fremu ambayo pete inaingia kidoleni, na linalochosha unapotafuta mahali hotuba ya mjomba ilipoanzia. Kwa sababu hiyo weka kitufe cha pili cha kushikilia, ili kikishikiliwa enkoda itume Shift pamoja na mshale, nayo Resolve iruke sekunde nzima. Kuhusu kasha sina ushauri mrefu: mwombe seremala kipande cha mninga, kwa sababu ni mzito na hautelezi mezani unapozungusha.

Rangi ni suala jingine kabisa. Paneli ya rangi, iwe ya Blackmagic Design ya Australia au ya Tangent ya Uingereza, imejengwa juu ya mipira mitatu ya kuviringisha: mmoja wa maeneo ya giza, wa pili wa maeneo ya kati na wa tatu wa maeneo ya mwangaza, na kila mpira umezungukwa na pete inayopandisha au kushusha ung'avu wa eneo lake. Umuhimu wa mpangilio huo unaonekana haraka katika picha zetu wenyewe. Maharusi wa Mwanza hupenda kupigwa picha jioni ufukweni, mwamba wa Bismarck ukiwa nyuma yao na jua likizama juu ya ziwa, na hapo ngozi nyeusi, shela jeupe, suti ya bluu nzito na maji yanayometameta vyote vimo katika fremu moja. Ukiuinua uso wa bibi harusi kwa kipanya, maji yanaungua kwa mwangaza. Ukienda kuyashusha maji, uso unafifia. Na katika muda wa kukihamisha kipanya kutoka gurudumu moja la rangi kwenye skrini hadi jingine, jicho lako limekwisha kuizoea picha yenye kasoro na limeanza kuiona sawa. Mwenye paneli huweka mkono mmoja kwenye giza na mwingine kwenye mwangaza, akaisogeza mipira yote miwili kwa pamoja, macho yake yasiondoke usoni mwa bibi harusi.

Kisanduku kinachojifanya kibodi hakiwezi kazi hiyo. Katika Resolve kinaweza kuongeza nodi, yaani hatua moja ya marekebisho ya rangi, kwa Alt na S, au kuzima marekebisho yote kwa Shift na D ili ulinganishe kabla na baada, na huo ni msaada wa kweli. Lakini gurudumu la rangi linataka msogeo mwororo wa pande zote, si kubonyezwa. Wabunifu zaidi hugeukia vifaa vya MIDI, kiwango cha mwaka 1983 cha kuunganisha ala za muziki za kielektroniki na kompyuta, ambacho studio za muziki zinakifahamu vyema, kwa mfano Behringer X-Touch Mini yenye enkoda 8. Tatizo la kwanza ni kwamba ujumbe wa kawaida wa MIDI hubeba thamani 128 tu, kutoka 0 hadi 127, ngazi ambazo ni pana mno kwa rangi ya ngozi isipokuwa enkoda ipangwe kutuma mabadiliko badala ya thamani kamili. La pili ni zito zaidi: kwa kazi ya rangi Resolve haipokei MIDI moja kwa moja, hivyo lazima iwepo programu ya kati, na mara nyingi inachofanya programu hiyo ni kukiburuta kipanya kwa niaba yako. Kipanya ni kimoja. Hata ukiwa na vitufe vinane mbele yako, bado unasogeza kitu kimoja kwa wakati mmoja.

Bei ndiyo iliyokuwa kisingizio chetu, nayo inazidi kupungua nguvu. Kabla Blackmagic Design haijainunua da Vinci Systems, kampuni iliyoanzisha Resolve, mwaka 2009, mitambo yake ya rangi iliuzwa kwa mamia ya maelfu ya dola. Micro Panel ya Blackmagic ilitoka mwaka 2017 kwa dola 995, na Micro Color Panel ya mwaka 2024 ilitangazwa kwa takriban dola 500, ikiwa na mipira yake mitatu na betri ya ndani. Usafirishaji na ushuru huongeza juu ya hapo, na bado ni fedha nyingi kwa kijana anayeanza.

Kwa hiyo, kama wateja wako ni kamati za harusi zinazodai video kabla fungate halijaisha, kinachokuokoa ni kasi ya kukata, na kisanduku cha mninga kinatosha. Kama unalipwa kwa matangazo au video za muziki, ambako rangi ndiyo bidhaa yenyewe, weka akiba ya paneli halisi. Ila kabla yake nunua skrini inayoonyesha rangi kwa usahihi na uipime, maana kwa skrini inayoegemea bluu mipira mitatu itakufikisha kwenye rangi isiyo sahihi kwa haraka kuliko kipanya.