Bernoulli asionewe kwa kosa la wengine

Siku hizi mwanafunzi wa Lamu akieleza kwamba ndege zinazoruka uwanja wa Manda huinuliwa na tofauti ya mgandamizo wa hewa, hakosi wa kumkatiza: hayo ya Bernoulli, mwanasayansi aliyesema kwamba maji au hewa ikiongeza kasi mgandamizo wake hupungua, ni uongo, bawa husukuma hewa chini, nayo hewa hulisukuma bawa juu, basi. Ni sheria ya tatu ya Newton.

Newton ana haki yake, na hewa kweli hupelekwa chini. Kinachostahili kutupwa ni hadithi aliyobandikwa Bernoulli: eti mgongo wa bawa ni mrefu, kwa hiyo hewa ya juu hukimbia iwahi kukutana na ya chini kule nyuma. Hakuna miadi kama hiyo. Mwaka 2003 Holger Babinsky, mtafiti wa Chuo Kikuu cha Cambridge, alionyesha kwa moshi kwamba hewa ya juu hutangulia. Tanga la jahazi nalo ni kitambaa tu, pande zote mbili urefu mmoja, na bado nahodha akikaza demani, kamba ya tanga, chombo chaenda joshi, yaani kuelekea upande utokako upepo. Bernoulli aliandika juu ya mwendo wa maji mwaka 1738. Mabawa ya eropleni hakuyajua.

Sasa tupige hesabu. Cessna Grand Caravan, ndege ndogo ya abiria, iliyojaa ina uzito wa takriban kilo 3,970, na mabawa yenye karibu meta 26 za mraba. Kila meta yabeba kilo 153 hivi. Lakini hewa ya usawa wa bahari hukandamiza kila meta ya mraba kwa uzito unaopita tani 10! Tofauti inayohitajika kati ya juu na chini ya bawa ni kama asilimia 1.5 tu. Nguvu ilikuwapo tangu mwanzo, pande zote. Bawa laipunguza kidogo upande mmoja, hasa mgongoni.

Bernoulli peke yake haelezi kwa nini hewa ya juu huongeza kasi. Hilo latokana na umbo la bawa na pembe yake. Ila anayemtupa atuambie hewa hulishika bawa kwa njia gani, ikiwa si kwa mgandamizo na msuguano mdogo. Na atueleze hili pia: rubani akiinua pua kupita kiasi, hewa hubanduka mgongoni mwa bawa na nguvu ya kuinua huanguka, ingawa tumbo la bawa linaukabili upepo kuliko awali.