Taa ya 6,500

Wazazi wa mke wangu walipotuma salamu kwamba wangefika Tanga siku ya Jumamosi kututembelea kwa mara ya kwanza tangu tufunge ndoa, niliikagua nyumba yetu ya kupanga na kuona kasoro moja tu iliyonihusu mimi: taa ya sebuleni ilikuwa imeungua, na kwa wiki mbili tulikuwa tukila chakula cha usiku kwa mwanga wa kuazima kutoka koridoni. Nilimwambia mke wangu asihangaike, kwa kuwa mambo ya taa niliyajua tangu utotoni, pale marehemu baba alipokuwa akinituma dukani kwa maneno yale yale kila mara: "Kalete globu ya wati 60."

Kijana wa dukani aliniamkia vizuri, kisha akauliza kama nataka taa ya pini au ya kuzungusha. Nilimkumbuka baba akiwa juu ya kigoda, akiisukuma globu ndani ya holda na kuizungusha kidogo mpaka inashika, nikajibu bila kusita kwamba nataka ya kuzungusha. Wanaojua watakuwa wameshaanza kucheka. Ile ya baba ndiyo ya pini, yenye vijino viwili ubavuni ambavyo hunasa kwenye holda ukishaisukuma na kuigeuza kidogo tu, ilhali ya kuzungusha ina hesi kama ya skrubu na huzungushwa mara kadhaa mpaka ikaze. Holda yangu ilikuwa ya pini.

"Wati ngapi, mzee?"

"60."

"60 za LED? Ni ya ukumbini?"

"Ya sebuleni."

Kijana alinyamaza kwa adabu, na adabu hiyo sijamsamehe mpaka leo. Angeweza kuniambia kwamba wati ni kipimo cha umeme unaoliwa na taa, wala si cha mwanga unaotoka, kwani mwanga hupimwa kwa lumeni; kwamba globu ya baba, ambayo sehemu kubwa ya umeme wake iliishia kuwa joto la kukuunguza vidole, ilitoa lumeni zipatazo 800, na kwamba LED ya wati 9 hivi inatosha kutoa mwanga huo huo. LED ya wati 60 hutoa lumeni zaidi ya 5,000, kwa hiyo nilikuwa nikiagiza globu sita za baba kwa mkupuo mmoja.

"Tunazo za 3000 na za 6500," akasema.

"Nipe ya 6,500," nikajibu, nikijua kwamba kitu cha bei nafuu hakifai mbele ya wakwe. Aliponidai shilingi 20,000 nilishtuka, lakini nilikuwa nimeshajitapa mbele ya wateja wengine wawili, nikalipa. Zile namba hazikuwa bei hata kidogo. Ni kelvini, kipimo cha rangi ya mwanga: 3000 ni ule wa manjano unaofanana na wa globu za zamani, na 6500 ni mweupe unaoelekea buluu, kama wa mchana wenye mawingu.

Nilirudi tena dukani kununua adapta ya kuiwezesha taa ya hesi kukaa kwenye holda ya pini, na hatimaye likaning'inia pale darini mfano wa fenesi.

Wakwe waliingia baada ya magharibi. Nilingoja wakae, nikawakaribisha rasmi, kisha nikabonyeza swichi.

Baba mkwe alifunika macho kwa kofia yake. Utando wa buibui ambao hatukuwahi kuuona ulijitokeza pembeni mwa dari uzi kwa uzi, pilau ikageuka rangi ya saruji, na jirani akabisha hodi kuuliza kama tuna shughuli na hatukumwalika. Kwetu mtu hamkazii macho mama mkwe, nami siku zote hujisitiri kwa kutazama chini, lakini usiku ule hata vigae vilikuwa vinamulika. Nilipoinua uso niligundua kwamba yeye ndiye aliyekuwa akinikazia macho, na hasa kidevuni, kwa kuwa siku tatu kabla nilikuwa nimepaka ndevu zangu piko ili nisionekane mzee kuliko nilivyotajwa wakati wa posa, na kwenye mwanga wa kelvini 6500 kila unywele ulionekana mweusi juu na mweupe kwenye shina.

"Mwanangu," akasema baba mkwe kwa upole, "hebu zima hiyo taa, tule."

Tulikula kwa mwanga wa koridoni, na mazungumzo yakanoga. Wakati wa kuondoka baba mkwe aliiomba ile taa akaifunge kwenye banda lake la kuku wa mayai, ambao hutaga zaidi wakiongezewa saa za mwanga. Niliishusha mara moja, pamoja na adapta yake, nikamfungia kwenye gazeti.

Mama mkwe alisimama mlangoni akiwa amenipa mgongo, akamwambia binti yake kwa sauti ya kutosha kunifikia: "Mwambie mwenzio, piko hukolezwa mpaka kwenye mizizi."