Ocean Grove: mnyororo wa Jumapili asubuhi

Mnyororo ulikuwa ukifungwa saa tatu asubuhi na kufunguliwa saa sita mchana, kila Jumapili ya kiangazi, kwenye njia za kushukia ufukweni Ocean Grove, mji wa Wamethodisti katika pwani ya New Jersey, Marekani. Oktoba 2023 idara ya mazingira ya jimbo iliamuru ufukwe uachwe wazi, la sivyo faini ingeweza kufika dola 25,000 kwa siku. Kiangazi cha 2024 watu wakaogelea wakati wa ibada.

Waliofurahi wana hoja nzito. Bahari ni ya umma. Wakazi wengi siku hizi si Wamethodisti. Nyumba ni zao, lakini ardhi ni ya Chama cha Makambi, shirika la Kimethodisti lililokuwa likifunga mnyororo ule, nacho huikodisha tu kwa miaka 99 (mwenye hati huku kwetu Tanzania ataitambua namba hiyo). Chama nacho kilijiponza. Mwaka 2007 kilikataza wanawake wawili kufanyia sherehe ya muungano wao katika banda lake la ufukweni, wakati banda hilo lilisamehewa kodi kwa ahadi kwamba liko wazi kwa wote. Mwaka 2012 jaji akasema huo ni ubaguzi. Hapo sina la kuwatetea.

Ila hebu tuzihesabu hizo saa. Tatu kila Jumapili, Jumapili kama 15 kwa msimu: saa 45. Mwaka una saa 8,760. Ni nusu ya asilimia moja. Nimeirudia hesabu hii mara kadhaa na bado inanishangaza, kwa sababu wanaokilaumu Chama huzungumza kana kwamba ufukwe ulitekwa. Muda wote uliobaki hakuna anayeulizwa dini yake.

Na ukimya huo wa Jumapili asubuhi haukuletwa kumkomoa muogeleaji. Ndio uliojenga mji. Mchungaji William Osborn, Ellwood Stokes na wenzao walipopiga mahema hapo mwaka 1869, walitaka mahali ambapo mtu aliyechoshwa na jiji angeomba, apumzike, arudi nyumbani akiwa mwingine. Hata magari yalizuiwa Jumapili, mpaka Mahakama ya Juu ya jimbo ilipokivua Chama mamlaka ya kiserikali mwaka 1979. Aliyewahi kwenda makambi anaelewa: mahubiri peke yake hayatoshi, lazima kuwe na saa ambazo hakuna kingine cha kufanya.

Tusidhani hayo ni ya Wamarekani tu. Robert Pearsall Smith, mtu wa vuguvugu la utakatifu, lilelile lililozaa Ocean Grove, alihubiri Uingereza miaka ya 1870. Mikutano ya kiroho ya Keswick, hukohuko Uingereza, ikaanza 1875, na mafundisho yake yakafika Gahini, Rwanda, ulikochipuka uamsho wa Walokole, pamoja na daktari mmisionari Joe Church. Walokole wetu wana ukoo na mahema yale.

Chama kiliipinga amri ya jimbo. Kisheria, nadhani jimbo lina nguvu zaidi. Bado naona limetumia nyundo kuua mbu.

Mahema 114 yangalipo kuzunguka ukumbi mkubwa wa mbao wa 1894. Mbele ni turubai na kibaraza chenye maua, nyuma ni kibanda cha mbao chenye jiko na choo. Katikati ya Septemba turubai hukunjwa na kufungiwa humo kibandani hadi Mei. Kupata hema unangoja miaka, na foleni haijapungua.