Mbwa haguswi, udongo je?

Kila Aprili na Oktoba watoto wetu hapa Tororo, Uganda, hupewa dawa ya minyoo, na hakuna mzazi anayebisha. Mbwa wa nyumba hizo hizo hajaonja kidonge tangu azaliwe. Ukimuuliza mwenyewe, atakujibu: "Huyu alishadungwa sindano." Sindano yenyewe ni chanjo ya kichaa cha mbwa, ambayo na minyoo haijuani kabisa.

Mjomba wangu ana hoja yake. Mbwa ni wa ulinzi, analala nje, na kwa kuwa sisi ni Waislamu, hakuna amgusaye. "Sasa minyoo yake itatufikia vipi?" Kwa heshima nilinyamaza. Leo namjibu.

Mjomba, minyoo duara ya mbwa haingoji kuguswa. Mayai yake hutoka na mavi yakiwa machanga, hukaa udongoni wiki 2 au zaidi ndipo yaweze kuambukiza, na yakishakomaa hudumu miaka. Kwa hiyo mavi ya leo, yanayotukera kwa harufu, ni afadhali kuliko ya mwezi jana yaliyoyeyushwa na mvua pale pale watoto wanapocheza kwepena. Mtoto akitia vidole vyenye udongo huo kinywani, mayai huanguliwa tumboni, vibuu (minyoo michanga) husafiri mwilini, na vikifika jichoni vinaweza kumpofusha jicho hilo. Vile vya safura ya mbwa, aina nyingine ya minyoo, havihitaji hata kinywa: hupenya ngozi ya mguu peku na kuacha mchirizi unaowasha.

Halafu kuna wale wa "nikiona minyoo nitanunua dawa". Mbwa anaweza kunenepa na kung'aa manyoya huku anayo tele. Vitoto vyake huipata tangu tumboni, kisha kwenye maziwa, ndiyo maana dawa huanza vikiwa na wiki 2 tu. Mbwa mkubwa, kila miezi 3.

Na tukichinja je? Mapafu yenye vifuko vya maji tunamrushia mbwa, eti yasipotee bure. Vifuko hivyo ni vya tegu, minyoo bapa: mbwa akivila, tegu hukomaa tumboni mwake, mayai hurudi uani, na safari hii kifuko kinaweza kuota kwenye ini la mtu. Yafukiwe kwenye shimo refu, au yachomwe.

Mwezi uliopita nilimnunulia mbwa wa mjomba vidonge, nikavificha kwenye posho (ugali) na mukene (dagaa). Alikula chakula chote, akaviacha vidonge vimekaa sahanini, visafi kabisa. Sasa natumia kipande cha ini kilichochemshwa vizuri.